Risala ya Vijana wa Ushirika wa Nakivale kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Askofu Mkuu Janani Luwum

Baba Askofu, Mgeni Rasmi, wachungaji na makatekista wetu, Mwenyekiti wa kijiji pamoja na viongozi wa wakimbizi, wazazi wetu, wageni waalikwa: Bwana Yesu asifiwe.

Tunakukaribisha Nakivale, makazi yetu ya wakimbizi. Sisi ni vijana wenyeji wa Isingiro pamoja na wenzetu waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachotuweka kwenye benchi moja. Taarifa ya mradi wa kuku na ya bustani ya mboga ameandaa mweka hazina nawe utaipokea mkononi, kwa kuwa risala hii tumeona tuitumie kukueleza jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yaani maneno ya Mwanzo 1:26: “Na tumfanye mtu kwa mfano wetu, kwa sura yetu.”

Baba Askofu, tulikwama siku ya kwanza tu. Katika Kiswahili sura ni uso, na mtoto wa shule ya Jumapili aliyekuwa amekaa nyuma aliuliza kati yetu sote ni nani anayefanana na Mungu zaidi. Tulicheka, kisha tukakosa jibu. Mchungaji wetu ndiye aliyetufungulia njia, akatueleza kwamba neno la Kiebrania lililotumika hapo, tselem, ndilo linalotajwa katika Hesabu 33:52 kwa sanamu za kusubu. Katika nchi za kale mfalme aliweza kusimamisha sanamu yake mahali asipoweza kuwapo mwenyewe, ili wapitao wajue ni nani anayetawala pale. Na huko Misri mfalme mwenyewe ndiye aliyehesabiwa kuwa sura ya mungu, hata jina la Tutankhamun lina maana ya sura hai ya Amun. Mwanzo inaichukua heshima hiyo ya mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti cha enzi na kuwapa wanadamu wote, mwanamume na mwanamke, kabla hapajakuwa na taifa wala mpaka.

Walimu wa kale wa Kanisa walitafuta sura hiyo imekaa wapi ndani ya mtu. Irenayo, katika karne ya 2, alitenganisha sura na mfano, akafundisha kwamba mfano ndio uliopotea kwa dhambi nao hurudishwa na Roho. Augustino aliitafuta katika kumbukumbu, akili na nia. Tuliwasoma kwa heshima, lakini dada mmoja wa ushirika wetu, ambaye mdogo wake ana miaka kumi na hajawahi kutamka neno, aliuliza: kama sura ni akili, huyu wa kwetu amepewa nini? Swali hilo lilichukua majuma matatu. Sisi si wanatheolojia, nawe utatusahihisha tulipokosea, ila tuliegemea Mwanzo 5:3, inaposemwa kwamba Adamu alimzaa Sethi kwa sura yake, kwa mfano wake. Mtoto ni wa baba yake tangu siku ya kuzaliwa, kabla hajajua kuhesabu wala kuita baba. Kwa hiyo tunaamini sura ya Mungu ni uhusiano ambao Mungu mwenyewe ameuanzisha, wala haupimwi kwa mtihani.

Tena haikufutwa na dhambi. Baada ya gharika Mungu anakataza kumwaga damu ya mtu kwa sababu hiyohiyo, katika Mwanzo 9:6, naye Yakobo, katika 3:9, anaupeleka mkatazo huo mpaka kwenye ulimi, anaposikitika kwamba kwa ulimi mmoja twamhimidi Mungu na kuwalaani watu waliofanywa kwa mfano wake. Wazee wetu waliotoka Rwanda hawahitaji kufafanuliwa aya hiyo. Kabla ya mapanga ya 1994, watu walikuwa wamekwisha kuitwa inyenzi, yaani mende.

Hapo tukajitazama. Katika Kiswahili chetu kiwete, kiziwi na kipofu wamewekwa katika ngeli moja na kiti na kikombe, ngeli ya vitu. Mwalimu wetu wa lugha alitukumbusha kwamba kiongozi na kijana nao wamo humohumo, na ni kweli. Lakini hakuna aliyewahi kumwita kiongozi kwa kumpigia mluzi. Tangu hapo tumekubaliana kumwita kila mtu kwa jina lake, na tunaona haya kusema kwamba majina mengine ilitubidi tuyaulize, ingawa wenyewe tumesali nao kwa miaka.

Tulichagua siku hii ya 16 Februari kwa makusudi. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa tarehe hiyo mwaka 1977, siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji ya raia. Jimbo alilolichunga lilikuwa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, kwa hiyo karibu sote tulioketi hapa tunaweza kusema alikuwa Askofu Mkuu wa nyumbani kwetu.

Mgeni Rasmi, mlango wa kanisa letu una ngazi tatu, na ndugu yetu mwenye kiti cha magurudumu hubebwa kama gunia kila Jumapili. Mchanga na mawe tumeshasomba wenyewe. Tunaomba utusaidie mifuko kumi ya saruji tujenge mteremko. Ombi la pili ni kijana mmoja wetu apelekwe kujifunza lugha ya alama, lugha ambayo Katiba ya Uganda ya 1995 imeitaja katika malengo yake, kwani tuna washirika wawili viziwi ambao mahubiri huwapita.

Tafadhali pokea mkeka huu uliosukwa na akina mama. Yule mtoto aliyeuliza swali la kwanza ndiye atakayekukabidhi.

Ni sisi, vijana wa ushirika.