Kwa viongozi wa gildi ya vijana wetu, kundi la wachezaji wa gemu ya simu ya Free Fire, Kigoma Ujiji

Wanangu,

Nasikia mmeshamfukuza yule mweka hazina wenu. Picha yake mmeisambaza kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi, mkaandika MWIZI kwa herufi kubwa, na sasa mnaona shauri limekwisha.

Halijaisha. Kijana yule alichukua paswedi za wenzake kwa kisingizio cha kuwaandalia mashindano, akabadilisha barua pepe, akauza akaunti zao, akala na michango ya kununulia daimondi, ile sarafu ya ndani ya gemu. Hilo halina mjadala: hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini kuwa ni kosa la jinai. Lakini barua hii si yake. Ni yenu mliompa cheo.

Wale watoto wa sekondari waliotoa paswedi, wengi hawakumjua. Walichokiona ni kwamba viongozi wamemfanya ofisa na mweka hazina, wakasema basi, huyu ni wa kuaminika. Waliwaamini ninyi, yeye akavuna. Ndiyo maana mkiniambia "sisi pia tumeibiwa" nawaelewa, ila siwakubalii.

Lipo jambo linaloniuma zaidi. Binti mmoja alilalamika mapema kwamba akaunti yake inafunguliwa kwenye simu nyingine. Mkamjibu aache majungu. Kwa nini? Kwa sababu jamaa alikuwa fundi wa kupiga, ndiye aliyewapa ushindi, na mtu anayewapa ushindi mliona haya kumuuliza. Siku hiyo ndipo uongozi wenu ulipoanguka. Wizi wenyewe ulikuja baadaye.

Mjukuu wangu (mimi hata kuishika hiyo Free Fire sijui) amenisimulia kisa cha EVE Online, gemu ya kampuni ya Iceland. Mwaka 2009 muungano mkubwa wa wachezaji ulioitwa Band of Brothers ulivunjwa bila hata risasi moja. Mkurugenzi wao mmoja alihamia kwa mahasimu wao, Goonswarm, na kwa kuwa cheo chake kilimruhusu kuufuta muungano mzima, aliufuta. Mjukuu anacheka ujanja wa msaliti. Mimi namuuliza: nani alimwachia mtu mmoja uwezo wote huo?

Mama zenu kwenye VICOBA wanapendana, wanazikana, wanalea wajukuu pamoja, na bado sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Fedha inahesabiwa mbele ya wote. Hakuna anayenuna kwamba ameshukiwa.

Basi fanyeni hivi. Mwendeeni kila aliyeibiwa, mmweleze kilichopotea na lini mlianza kujua. Msingoje asikie mtaani. Michango rudisheni kutoka mifukoni mwenu, hata kidogo kidogo, kisha ndipo mumdai yeye. Anayetaka kwenda polisi msimzuie kwa ajili ya jina la gildi. Msindikizeni. Paswedi za watu msikusanye tena kamwe, maana hata kampuni yenye gemu inakataza kuazimana akaunti. Michango ishikwe na zaidi ya mtu mmoja, na kila muamala uonekane kwa wote.

Ile picha iondoeni leo. Mama yake anauza dagaa sokoni, na wateja wameanza kumnyooshea kidole. Yeye hakuwa ofisa wenu.

Binti yule muombeni radhi mbele ya kundi lote, palepale mlipomnyamazisha. Kumfuata pembeni hakutoshi.

Jumapili baada ya Alasiri baraza langu liko wazi. Njooni na daftari la michango kama lilivyo, msiliandike upya. Aliyekuwa na zamu ya kulikagua aje pia, nina maswali naye.

Mzee wenu,
Ujiji