Mdogo wangu, vile vidonge chini ya godoro

Mdogo wangu,

Mama kanipigia jana, kasema kakuta olanzapini nne, zile dawa zetu za ugonjwa wa akili, chini ya godoro lako. Sijakasirika. Mi mwenyewe nilishaficha zangu kwenye soksi wiki mbili nzima, na wewe ndo ulikuja kunitoa stendi niko peku naongea na mabasi, kwa hiyo tusizungushane. Naandika hadharani bila jina lako maana najua mko wengi.

Unasema asubuhi kwenye boda macho yanajifunga yenyewe. Haya, unameza saa ngapi? Mama anasema saa sita usiku, mpira ukiisha. Sasa ile dawa inafika juu kabisa kwenye damu kama masaa sita baada ya kumeza, piga hesabu mwenyewe, ni saa kumi na mbili asubuhi, ndo unapiga kiki pikipiki! Mimi daladala ilishanipitiliza mara tatu, konda ananiamsha Kariakoo, "dada, mwisho wa gari", mate shavuni, mpaka daktari akanihamishia dozi saa mbili usiku. Ilichukua kama wiki tatu ndo nikaanza kuamka na kichwa changu. Muulize wako kama na wewe inafaa, na kwa sasa boda mpe deiwaka, mgawane hesabu.

Halafu mwili. Mi nilipanda kilo 11 kwa miezi mitano. Fundi kanipima sare ya harusi, siku ya harusi zipu haifungi, na mashangazi wanashangilia eti nimenawiri, dawa zimenikubali. Wangeniona saa nane usiku nakwangua ukoko gizani na saa mbili nilikula vizuri tu! Ile njaa sio ulafi, dawa inavuruga zile taarifa za kushiba huko kwenye ubongo, we unabaki unatafuta sufuria. Nilivyoelewa hivyo nikaacha kujitukana. Nikaanza na soda, maana mdomo unakauka unajikuta umemaliza tatu kwa siku, nikahamia maji. Ugali nikapunguza, mchicha nikajaza, matango yakawa karibu na kitanda kwa ajili ya ile saa nane, na jioni nashuka kituo kimoja kabla.

Mizani ikagoma bado. Nikamsumbua daktari, akanipima sukari na mafuta kwenye damu, akaniandikia metformini, ile dawa ya kisukari. Nililia nikijua nimepata kisukari, kumbe wanaitumia pia kwa huu uzito wa dawa. Nimeshuka kilo nne tu, nimekaa hapo, sijarudi kwenye ile sare na sina mpango. Kuna dawa zingine hazinenepeshi hivyo, ila kuhama ni kwa daktari, tena taratibu, sio kwa godoro.

Na sigara. Najua unavuta. Moshi unafanya ini liimalize dawa haraka, ukiacha kuvuta ghafla dawa inabaki nyingi mwilini, usingizi unazidi. Kuacha acha, ila kliniki wajue kwanza.

Kliniki yako Alhamisi. Nakuja Jumatano na basi la mchana. Ile mizani ya mama uliyoisukumia uvunguni itoe, napanda mimi kwanza, na ole wako ucheke.

Dada yako