YAH: Malalamiko kuhusu kuharibiwa kwa vitabu 28 vya katuni nilivyowakabidhi mvijalidi

Rau, Moshi
10 Machi 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti yaliyo nyuma ya risiti zenu mnayajua wenyewe, pamoja na lile linalosema mali ya mteja itarudishwa kamili, kwa hiyo sitayanukuu. Ninakuandikia kwa heshima, ingawa tarehe 4 Machi 2025 heshima hiyo mimi sikuipata kaunta kwenu.

Siku hiyo nilikuja kuchukua juzuu nne nilizoagiza mzijalidi kutokana na vitabu hivyo 28. Nilifungua ya kwanza papo hapo, nikakuta inaanza moja kwa moja na ukurasa wa hadithi, jalada halipo. Nikafungua ya pili, ya tatu na ya nne, na katika vitabu vyote 28 sikuona jalada hata moja. Nilipouliza, kijana wenu aliingia chumba cha nyuma, akarudi ameshika jalada la toleo la kwanza kwa vidole viwili, likiwa na duara la gundi lililoachwa na kitako cha kopo, nalo duara hilo limepita juu ya uso wa Spock, mmoja wa wahusika wakuu wa katuni hizo. Akasema mbele ya wateja, "Mzee, si ni katuni za watoto hizi? Sisi majalada tulijua ni uchafu." Msimamizi wake, badala ya kumkemea, alicheka na kuniambia kwamba wajukuu hawataona tofauti.

Vitabu hivyo ni matoleo ya Star Trek, katuni zilizotokana na mchezo wa televisheni wa Marekani kuhusu safari za angani, yaliyochapishwa na kampuni ya Gold Key ya Marekani, ambayo ilitoa matoleo 61 kuanzia mwaka 1967 hadi 1979. Marehemu kaka yangu aliyanunua akiwa masomoni huko, moja moja, kwa fedha ya mwanafunzi, akarudi nayo nyumbani ndani ya sanduku la bati. Ninaeleza haya kwa sababu msimamizi wenu aliniambia kuwa katuni za namna hiyo zinatolewa hata leo na kwamba ninaweza kununua nyingine. Ni kweli zinatolewa. Baada ya Gold Key alikuja Marvel mwaka 1980, akafuata DC mwaka 1984, na tangu 2007 IDW wameendelea nazo. Hata hizi za Gold Key zimewahi kuchapishwa upya. Lakini nilichowakabidhi mimi hakipo katika chapa yoyote mpya, na ninaomba uelewe ni kwa nini.

Wachoraji wa mwanzo wa matoleo hayo walikuwa Waitaliano, Nevio Zaccara na kisha Alberto Giolitti, na walichora kabla hawajapata kuuona mchezo wenyewe kwenye televisheni. Ndiyo maana Enterprise, chombo cha angani cha wahusika hao, kinaonekana kikitoa moto kwa nyuma kama roketi, jambo ambalo kwenye televisheni halikuwepo. Katika matoleo ya mwanzo, mahali palipokuwa na sura halisi za waigizaji ni kwenye jalada, ambako waliweka picha za kamera. Mkikata jalada, mmeondoa kitu pekee kilichounganisha kitabu na mchezo wenyewe.

Kaka alikuwa ameutazama mchezo huo. Kwa hiyo kila alipoona mchoraji amekosea, aliandika kwa penseli pembeni mwa ukurasa, kwa Kiswahili, kwa mwandiko mdogo uliolala kulia. Penye moto aliandika, "Hapa moto haupo." Palipomhusu Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliandika zaidi ya mahali pengine popote, kwa sababu jina hilo limetokana na neno letu uhuru, na katika vipindi vya awali kabisa mwanamke huyo alisikika akizungumza Kiswahili. Kwa kijana aliyezaliwa chini ya Kibo, aliyekuwa mbali na nyumbani kwa miaka minne, hilo halikuwa jambo la watoto. Mimi nimemjua kaka yangu wa miaka ile kwa kusoma pembeni mwa kurasa hizo.

Mashine yenu ya kukatia karatasi imekata pembeni zote tatu. Katika juzuu ya pili yamebaki maneno "hapa mo", na mengine yamekwenda na vipande vya karatasi. Kwenye kurasa kadhaa hata viputo vya maneno vya wahusika vimekatwa katikati.

Tarehe 6 Januari nilipoleta mzigo nilimweleza dada aliyenipokea, tena taratibu, kwamba majalada yote yabaki ndani na kingo zisikatwe hata milimita moja. Niliandika maelezo hayo kwenye karatasi, akayasoma kwa sauti, akayabana kwa pini juu ya bahasha. Nililipa shilingi 100,000 kati ya 180,000 na kuambiwa nirudi baada ya wiki tatu. Nilipiga simu tarehe 3 Februari, nikaambiwa kazi iko kwa fundi. Nikapiga tena tarehe 17, nikajibiwa hivyo hivyo. Karatasi yangu ya maelezo nimeikuta bado imebanwa kwenye bahasha ileile, kwa pini ileile, bila dalili kwamba kuna mtu aliigusa tangu siku ile.

Ninarudi tena kwenye tarehe 4 Machi, kwa kuwa kuna jambo sikulisema hapo juu. Kijana alipotoka na lile jalada, nilikuwa bado nimesimama, kwani hakuna aliyenikaribisha kiti na nilikuwa nimetoka Moshi kwa basi la asubuhi. Kando yangu alikuwepo mama mmoja na mtoto wa shule. Mtoto akanyoosha mkono kutaka kuligusa jalada, na kijana wenu akamwambia, "Acha hiyo, ni uchafu." Alilitamka neno hilo mara ya pili huku mimi ninamtazama, na msimamizi akiwa bado anacheka. Nililipokea kwa kitambaa changu cha mkononi, na lilinata. Gundi ilikuwa bado mbichi, Ndugu Meneja. Jalada la mwaka 1967, lililotunzwa miaka yote hii, liliwekwa chini ya kopo la gundi asubuhi ile ile niliyokuja kulichukua. Maana yake ni kwamba nilipopiga simu tarehe 3 na tarehe 17 Februari, jalada hilo lilikuwa bado zima humo ndani kwenu, na huenda mengine pia. Mtu mmoja tu angetoka kwenye kiti akaenda kuangalia, leo nisingekuwa ninaandika barua hii.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili: nirudishiwe shilingi 100,000, na nipewe barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako, si ya msimamizi. Sasa nimeona hayo hayatoshi. Ninataka chumba cha nyuma kipekuliwe, na kila jalada na kila kipande cha ukingo kitakachopatikana nikabidhiwe, hata kiwe kidogo kama ukucha. Vipande vyenye mwandiko wa penseli visitupwe na mtu yeyote kwa kisingizio chochote. Ninataka pia fidia ya vitabu vyote 28, itakayokadiriwa na mtu anayejua thamani ya machapisho ya aina hiyo, kwa gharama yenu. Zile shilingi 80,000 zilizobaki sitazilipa, na ninaomba asinipigie simu mtu yeyote kunikumbusha.

Ninawapa siku 14 kuanzia tarehe mtakayoipokea barua hii, ambayo nimeileta kwa mkono na nakala yake imegongwa muhuri wa mapokezi yenu. Zikipita bila majibu ya maandishi, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani na kufungua shauri mahakamani, nikiwa na bahasha, karatasi ya maelezo, risiti, juzuu zote nne na jalada lenye gundi. Yule mama wa kaunta alinipa namba yake ya simu bila kuombwa, na amekubali kuja kueleza alichokiona.

Nimefundisha shule za mkoa huu kwa miaka 34, na shule nyingi kati ya hizo huleta kwenu daftari zao za kumbukumbu mzijalidi. Walimu wakuu wake ninawafahamu kwa majina, na siku ya kumi na tano nitaanza kuwatembelea mmoja baada ya mwingine, nikiwa na juzuu ya pili mkononi, imefunguliwa penye maneno "hapa mo".

Wenu,
Mwalimu mstaafu, mteja wa risiti ya tarehe 6 Januari 2025