Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: ile picha ya ngazini

Profesa, shikamoo.

Naandika kuhusu ile picha kubwa iliyotundikwa kwenye jengo la utawala, ambayo pia huchapwa kila mwaka kwenye kitabu cha udahili. Wanafunzi wanane wako kwenye ngazi za maktaba, wanacheka. Yumo aliyevaa hijabu, yumo aliyefunga kilemba, yumo mama mtu mzima aliyerudi kusoma baada ya kulea watoto, na wageni wawili kutoka nchi za mbali. Mwenye kiti cha magurudumu amewekwa chini kabisa, kwa sababu kule juu hakufikiki. Mimi ni wa tatu kutoka kushoto.

Tulikutana robo saa kabla ya picha. Mpiga picha alituambia tucheke, tukacheka. Kisha kila mtu akashika njia yake. Huu ni mwaka wa tatu, na kati ya wale saba wenzangu namjua jina mmoja tu. Hata huyo nilimjua muhula wa nne, tulipopangwa pamoja kwenye kazi ya kikundi.

Sisemi picha ni ya uongo. Chuo chetu ni cha umma, ni kikubwa, na kweli kinapokea watu wa kila namna. Lakini daftari la udahili linaonyesha nani ameingia, halionyeshi nani anakaa na nani. Ukitaka kuliona hilo, Profesa, pita siku moja kwenye vimbweta, zile meza na viti vya nje tunapojisomea, saa kumi jioni, bila msafara na bila taarifa. Utakuta kila kimbweta kina watu wake. Waliotoka shule zile za ada kubwa wako pale, wa lugha moja wako hapa, wa dini moja wako kule, na wageni wamejibanza kwenye kivuli kilichobaki. Hakuna anayemchukia mwenzake. Hawajuani tu.

Najua jibu ambalo ofisi hutoa, kwa sababu nimelisikia kwenye vikao viwili: hawa ni watu wazima, chuo hakiwezi kuwachagulia marafiki, ndege wafananao huruka pamoja. Nusu ya jibu hilo naikubali. Jambo lenyewe ni la kale. Katika Chuo Kikuu cha Paris, karne ya 13, watu wa kitivo cha sanaa walijigawa katika mataifa manne kufuatana na walikotoka: Wafaransa, Wapikardi, Wanormandi na Waingereza. Mgeni alihitaji watu wa kwao wa kumshika mkono. Mimi pia. Wiki yangu ya kwanza hapa nilipokewa na chama cha wanafunzi wa kwetu. Wao ndio walionionyesha pa kusajilia kozi na pa kupata kitambulisho, na bila wao ningefunga begi nikarudi nyumbani. Kwa hiyo yeyote atakayesoma barua hii akidhani naomba vyama hivyo vifutwe, airudie upya.

Nusu ninayoikataa ni ile ya kwamba chuo hakituchagulii marafiki. Kinatuchagulia, kila siku, kwa mgawo wa vyumba na kwa ratiba.

Mwaka 1950, Leon Festinger na wenzake wawili, Stanley Schachter na Kurt Back, walichapisha utafiti walioufanya kwenye nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, Marekani. Waliwauliza wakazi marafiki zao ni akina nani. Kwenye ghorofa moja, majirani wa mlango kwa mlango walitajana kwa asilimia 41. Walioishi ncha hii na ncha ile ya ghorofa hiyohiyo walitajana kwa asilimia 10. Kati yao ni mwendo wa hatua chache tu! Na waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa nyingine, kwa vile kila anayepanda na kushuka alipita mlangoni kwao. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kumbe na rafiki wa mbali naye ni wa kusikia tu.

Kuna hesabu nyingine ninayoipenda zaidi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria, katika utafiti wa mwaka 2018, kwamba inachukua kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu juu juu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 awe rafiki kweli, na zaidi ya saa 200 awe rafiki wa karibu. Sasa tupige hesabu zetu. Semina ya saa moja kwa wiki, kwa muhula wa wiki 15, ni saa 15, na nyingi kati ya hizo mnamtazama mwalimu, hamtazamani. Lakini watu wa chumba kimoja, wakizungumza saa mbili tu kila usiku, muhula ukiisha wamefika saa 210. Hakuna tamasha wala kampeni itakayofua dafu mbele ya vitanda viwili vilivyo chumba kimoja.

Na sisi tunafanyaje? Mfumo wa mgawo wa vyumba unamruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuandika jina la anayetaka kukaa naye. Anayeweza kuandika jina ni yule aliyekuja na mwenzake: waliosoma shule moja, waliotoka mji mmoja. Wasio na mtu, yaani wageni, waliotoka mbali, na wa kwanza kufika chuo kikuu katika ukoo wao, wanabaki kwenye orodha ya mabaki, nao wanapangwa wao kwa wao. Hakuna ofisa aliyekaa akapanga ubaguzi. Ni kisanduku kimoja tu kwenye fomu, lakini kisanduku hicho kimefanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za orientesheni.

Ombi langu la kwanza ni kukiondoa. Kwa mwaka wa kwanza pekee, vyumba vigawiwe kwa bahati nasibu. Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani kilifanya hivyo kwa waliojiunga mwaka 2018: kiliacha kuwaruhusu wanafunzi wapya kuchagua wa kukaa naye. Mwaka wa pili kila mtu achague atakavyo. Wenye ulemavu na wenye sababu za kiafya wawe na haki ya kuchagua tangu mwanzo, bila kuombwa maelezo marefu. Na iwepo njia ya heshima ya kuhama, maana si kila chumba kitapona, na si haki mwanafunzi aliye peke yake wa jamii yake abebeshwe kazi ya kuwafundisha wenzake ustaarabu saa tano usiku. Mzigo huo nimeuona ukimwelemea mtu, na mwisho wake alihama chuo.

Siku ya Tamaduni niiguse kidogo, ingawa najua ofisi inaipenda. Ninaipenda pia, ngoma ni nzuri. Ila tazama inavyokwenda: kila kundi lina hema lake, vazi lake, zamu yake jukwaani, na mwisho wake kuna kombe. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwapeleka kambini, huko Oklahoma, wavulana 22 wasiofahamiana, akawagawa makundi mawili na kuwashindanisha. Wakawa mahasimu. Alipowakutanisha tu, kwenye chakula au sinema, matusi yaliendelea. Kilichowafanya waanze kuelewana ni matatizo yasiyotatulika na kundi moja peke yake, kama maji ya kambi yaliyokatika ikabidi wote watafute hitilafu. Mwaka huohuo Gordon Allport aliandika kwamba kukutana hupunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wakubwa wao wakiunga mkono. Kwenye mahema yetu sioni lengo moja wala kazi ya kushirikiana. Kombe naliona.

Ndiyo maana ombi la pili linahusu asaimenti za vikundi. Mhadhiri akisema «jipangeni watu watano», katika dakika mbili ukumbi mzima umeshagawanyika kama vimbweta, na kando wamebaki wanne wasiochaguliwa na mtu. Nimewahi kuwa kati ya hao wanne. Unajifanya unatafuta kitu kwenye mkoba. Wahadhiri waagizwe kupanga vikundi wenyewe, vikae muhula mzima, na kazi igawanywe ili kila mmoja ashike kipande ambacho wengine hawana. Elliot Aronson alijaribu jambo la namna hii mwaka 1971 kwenye shule za Austin, Texas, zilipoanza kuchanganya watoto waliokuwa wametenganishwa kwa rangi. Mtoto aliyekuwa akichekwa alisikilizwa, kwa kuwa bila kipande chake wenzake wasingefaulu. Niliyemjua jina kati ya wale wanane nilimjua kwa njia hiyohiyo. Yeye ndiye aliyeshika takwimu, mimi nilishika maandishi, na tulinuniana wiki tatu kabla hatujaanza kutaniana.

Mengine ni madogo, ofisi yako inaweza kuyamaliza kwa barua moja ya ndani. Mikutano ya vyama yote iko usiku, wakati wanaokaa nje ya chuo wameshapanda basi na wenye watoto wameshawafuata. Tengeni saa moja mchana, siku moja kwa wiki, isiyo na kipindi katika kitivo chochote. Na chumba cha mikutano cha serikali ya wanafunzi kihamishiwe chini. Kiko ghorofa ya pili, lifti ni mbovu tangu nifike hapa, halafu tunashangaa kwa nini wenye viti vya magurudumu hawagombei uongozi.

Profesa, fomu za vyumba vya mwaka ujao hufunguliwa kabla ya mitihani yetu ya mwisho. Kile kisanduku kikiondolewa kabla ya hapo, waingiao watakikosa bila hata kujua kilikuwepo. Nimezungumza na yule mwenzangu wa takwimu, na tuko tayari kuja ofisini siku yoyote utakayotupa, pamoja na mapendekezo ya jinsi mgawo unavyoweza kufanyika kwa mfumo uliopo, bila kununua mwingine. Yeye yuko chini kabisa pichani, mbele ya ngazi, kwa hiyo tunaomba kikao kiwe ghorofa ya chini.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
wa tatu kutoka kushoto