Barua ya wazi kwa Kamishna wa besiboli: meneja mkuu aliyeleta ubingwa alipwe kama nyota

Mheshimiwa Rob Manfred,
Kamishna wa Ligi Kuu ya Besiboli, New York.

Salamu kutoka Chicago. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kwetu dirisha la usajili wa soka likifunguliwa, kijiweni hakuna habari nyingine: nani kasajiliwa, nani katemwa, kwa shilingi ngapi. Ndiyo maana nilipohamia huku, mtu wa kwanza niliyemwelewa katika besiboli alikuwa meneja mkuu. Kocha anapanga kikosi cha leo. Yeye anahangaikia kikosi cha miaka mitano ijayo.

Nakuandikia kuhusu mshahara wake. Nasikia watu wakilalamika kwamba kumlipa mtu wa ofisini dola milioni 10 kwa mwaka ni kufuja fedha. Kwa aliyefanikiwa, mimi nasema ni haki yake.

Nitasema ninachokijua, yaani Cubs, timu yangu ya hapa Chicago. Theo Epstein alikuja hapa mwaka 2011 kama rais wa shughuli za besiboli, cheo kilicho juu ya meneja mkuu, na kazi ya usajili akaifanya pamoja na meneja mkuu wake, Jed Hoyer. Msimu wa 2012 timu ilifungwa michezo 101. Lakini Julai ya mwaka huohuo waliiachia timu ya Texas mrushaji mkongwe, Ryan Dempster, wakapewa vijana wawili, mmoja wao Kyle Hendricks, ambaye mtaani kwetu hakuna aliyewahi kumsikia. Mwaka uliofuata wakamchukua Jake Arrieta kutoka Baltimore, ambako mambo yalikuwa yamemwendea vibaya kabisa. Mwaka 2015 Arrieta akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi. Na Hendricks ndiye aliyeanza kurusha katika mchezo wa saba wa fainali ya 2016, usiku ule Cubs walipopata ubingwa walioukosa tangu 1908. Siku zilizofuata watu walijaza kuta za uwanja wa Wrigley majina kwa chaki, mengi ya wazee wao waliokufa wakiusubiri. Nilisimama pale nikayasoma mpaka macho yakanilenga machozi.

Mwaka huohuo magazeti yaliandika kwamba Epstein ameongezewa miaka mitano kwa takriban dola milioni 50. Wakati huo mchezaji wa Cubs, Jason Heyward, alikuwa na mkataba wa milioni 184 kwa miaka minane. Najua nitaambiwa kwamba Heyward alisajiliwa na Epstein huyohuyo, na gongo lake halikufikia fedha ile. Ni kweli, wala simtetei kwa hilo. Ila tazama, Mheshimiwa: ikiwa uamuzi mmoja ukikosewa unagharimu milioni 184, na mwingine ukipatiwa unaleta Cy Young kwa bei ya mchezaji aliyechokwa, basi milioni 10 kwa mtu anayepatia mara nyingi kuliko kukosea ni kidogo.

Jambo hili si geni. Mwaka 2002 Billy Beane, meneja mkuu wa timu ya Oakland, aliiongoza kushinda michezo 103, sawa na Yankees wa New York, ilhali jumla ya mishahara ya wachezaji wake ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile ya Yankees. Timu ya Boston wakamwahidi milioni 12.5 kwa miaka mitano awe meneja mkuu wao. Wakati ule zilionekana fedha za kutisha, kumbe ni milioni 2.5 kwa mwaka. Beane alikataa, kiti akapewa kijana wa miaka 28, Epstein huyuhuyu, na mwaka 2004 Boston wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1918.

Simtetei kila anayekalia kiti hicho. Anayefungua tu pochi ya tajiri wake alipwe kama karani mwingine yeyote.

Ombi langu ni hili. Mishahara ya wachezaji tunaijua, na kila shabiki anaweza kuipima na kazi yao uwanjani. Ya mameneja wakuu tunaokoteza kwa waandishi wa habari. Tafadhali zungumza na wamiliki wa klabu zote 30, na kuanzia msimu ujao mshahara wa meneja mkuu utangazwe pamoja na mishahara ya wachezaji aliowasajili.

Wako,
Shabiki wa Cubs, Chicago