Barua kwa Zuhura, kabla hajaenda kuwasomea watoto

Tanga, 2 Machi

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi. Natumai u mzima na wa nyumbani wote hawajambo. Barua yako nimeipata, na furaha ya kusikia umealikwa shuleni kuwasomea watoto kitabu chako cha hadithi ya kobe haisemeki. Umeniuliza uanzie wapi. Nakujibu kwa urefu, maana ziara hizi huharibiwa na vitu vidogo ambavyo vingeweza kuonekana mapema.

La kwanza ni idadi. Mwalimu mkuu, kwa ukarimu wake, atataka kukukusanyia shule nzima chini ya mwembe. Mshukuru, kisha umwombe darasa moja. Picha ya kitabu chenye ukubwa wa daftari haionekani kupita safu ya tatu. Mtoto wa nyuma huona kisogo cha mwenzake tu, na haziishi dakika tano ameanza kumchokoza jirani. Darasa la watoto 80 au 90 tayari ni kubwa. Kama shule inataka wengi wafaidike, rudia kipindi hicho hicho kwa mkondo wa pili. Mimi ningechagua darasa la tatu: KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wameshaipita, kusoma wanaweza, na bado hawaoni haya kuitikia. Kipindi chao ni dakika 40, nawe utahitaji viwili vinavyofuatana, asubuhi, kabla hawajatoka mapumziko. Wakisharudi kutoka kucheza juani, utatumia nusu ya muda kuwatuliza.

Ruhusa iombe kwa barua, hata kama mmeshapatana kwa simu. Nakala moja ya mwalimu mkuu, nyingine ya afisa elimu kata. Mgeni akiingia na mabegi ya vitabu bila barua, anayeulizwa baadaye ni mwalimu mkuu.

Sasa picha. Katika kitabu chako chagua nne tu na uzichore upya kwenye manila, picha moja karatasi nzima. Mistari iwe minene, ya kalamu nyeusi ya maka, rangi mbili au tatu zilizokolea. Penseli na rangi zilizopauka hazifiki nyuma, hata ziwe nzuri namna gani mkononi. Siku yenyewe simama mahali ambapo mwanga wa dirisha unaiangukia picha. Ukilipa dirisha mgongo, watoto wataona kivuli chako na karatasi nyeusi. Na maneno ya hadithi yaandike kwa penseli nyuma ya kila manila, ili usihitaji kushika kitabu na picha kwa pamoja.

Usiwasomee neno kwa neno. Maneno 600 yakisemwa polepole, pamoja na nafasi za kuitikia, hula kama dakika kumi, na hizo zinatosha. Kufungua hadithi, muulize mwalimu wao siku moja kabla wamezoea lipi. Darasa linaloitikia “hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea” linaweza kubaki linakutazama ukiingia na “Paukwa!” Yale maneno ya kobe wako yafanye kibwagizo, na yatokee mara tatu au zaidi. Mara ya kwanza yaseme wewe. Mara ya pili waalike kwa mkono waseme nawe. Mara ya tatu nyamaza kabisa, uwaachie wao. Waandishi wengi hushindwa hapo, wanaogopa ule ukimya wa nukta mbili tatu na kuujaza wenyewe. Vumilia, watakuja.

Na tafadhali usiwaulize “Mmeelewa?” Utajibiwa “Ndiyooo!” na darasa zima, pamoja na wasiosikia hata neno moja. Uliza swali linalowagawa: “Wanaodhani kobe atavuka mto wasimame. Wanaodhani atarudi wabaki wameketi.” Kisha mwulize mmoja wa waliosimama na mmoja wa walioketi, kwa nini. Wachague wa nyuma kwanza, kwa sababu wa mbele wataongea tu hata usipowaita. Maneno magumu yasizidi matatu, nayo yaandike ubaoni na kuyaeleza kabla hadithi haijaanza. Ukisimama katikati kueleza neno, uzi unakatika.

Mvua ikianza juu ya bati, usishindane nayo. Masika haya, sauti ya binadamu haifiki dawati la tatu. Weka hadithi kando, gawa karatasi mwanzie kazi ya mikono, umalizie hadithi mvua ikipungua.

Kazi ya mikono ndiyo hasa ninayotaka uipe kipindi cha pili chote, kwa sababu mtoto hutoka na kitabu chake mwenyewe. Karatasi moja ya A4 inatoa kitabu cha kurasa nane. Ikunje ukingo mrefu ukutane na ukingo mrefu, uifungue. Ikunje ukingo mfupi kwa mfupi, kisha nusu tena kwa njia hiyo hiyo, uifungue yote, utaona vyumba nane. Sasa ikunje mara moja tu, mfupi kwa mfupi, na kuanzia upande wa mkunjo kata kufuata ule mstari wa katikati mpaka ufikie mkunjo unaoukata. Simama hapo. Ifungue, ikunje mrefu kwa mrefu, shika ncha mbili uzisukume zikutane: mpasuko utafunguka kama mdomo wa samaki na kurasa zitasimama kama msalaba. Zilaze zote upande mmoja.

Kosa ni lile lile kila mahali, kukata kuanzia upande ulio wazi. Hapo mpasuko unatokea kingoni badala ya katikati na kitabu hakijikunji. Kosa la pili ni mtoto kuandika kabla ya kukunja, maana nusu ya kurasa zitakuja kichwa chini. Kwa watoto 90 usitegemee mikasi. Kunja na kukata karatasi 100 nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, ni sehemu ya tano ya rimu, kisha darasani wafundishe mkunjo wa mwisho tu. Kumi za akiba ni za watakaochana. Mwalimu umfundishe hatua zote, ili arudie nao wiki nyingine.

Chukua pia mswada wako, ule wenye mistari iliyokatwa kwa wino mwekundu, uwaonyeshe. Watoto wetu wamezoea kuona kufuta ni aibu. Wakimwona mwandishi wa kitabu amekata sentensi moja mara nne, watashika penseli kwa moyo mwingine. Nalithamini hili kuliko hotuba yoyote ya kuwahimiza wasome.

Kuuza vitabu siku hiyo, hapana. Asiye na pesa atasimama kando akiwatazama wenzake, na hilo ndilo atakalokumbuka. Bora uiachie shule nakala tano, lakini si kwa kuzikabidhi tu. Vitabu vya zawadi huishia kwenye kabati la ofisi na kufuli juu, kwa sababu mwalimu anahofia kudaiwa vikipotea. Hofu yake ni ya haki, basi mpunguzie. Vivalishe nailoni, andika jina la shule na namba ndani ya kila nakala, na uache daftari la kuazima lililopigwa mistari tayari: tarehe, jina, namba ya kitabu, kimerudi. Kisha omba misumari miwili darasani, funga kamba usawa wa kifua cha mtoto, uvitundike kwa vibanio vya nguo. Kitabu kinachoonekana jalada huchukuliwa kusomwa. Mwambie mwalimu mbele ya mkuu wake kwamba kikichakaa kwa kusomwa hakuna deni, utaleta kingine. Akisikia hivyo mbele ya mkuu, hatakuwa na sababu ya kukifungia.

Picha za manila ukishazichora, kabla hujazipaka rangi, zibandike ukutani urudi nyuma hatua kumi. Kile usichokitambua kutoka hapo kiongezee unene, au kiondoe. Kisha nipigie simu tupange vibwagizo.

Nisalimie watoto.

Rafiki yako,
Mwanaidi