Si kila neno la uhakika la Kijapani ni "bila shaka"

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie karatasi ya maneno ya Kijapani inayopita mkono kwa mkono miongoni mwetu waongoza watalii hapa Iringa. Karatasi hiyo imeyatafsiri maneno matano, yaani kanarazu, kitto, mochiron, "tashika ni" na naruhodo, kwa jibu moja tu: "bila shaka". Anayeikariri atasikika vizuri, ila ataeleweka vingine.

Mimi mwenyewe niliponzwa na kanarazu. Asubuhi moja, tulipokuwa tukijiandaa kuingia Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, wageni waliniuliza kama tungewaona mbwa mwitu, nami nikajibu kwa kanarazu nikidhani ninawatia moyo. Neno hilo hudai kwamba jambo litatokea pasipo kukosa, na likitoka kinywani mwa mwenyeji husikika kama ahadi. Jioni tulirudi bila kuona hata unyayo, na ukimya uliokuwamo garini haukuwa wa uchovu peke yake. Nilipaswa kutumia kitto, ambalo hueleza imani ya msemaji, na aghalabu sentensi yake huishia na deshō, kwa maana ya "nadhani itakuwa hivyo". Ajabu ni kwamba "bila shaka" yetu nayo hufanya kazi hiyohiyo: tukimwambia mgeni aliyeshuka basi la kutoka Dar es Salaam, "Bila shaka umechoka", hatuuthibitishi uchovu wake, tunaukisia. Mtunzi wa karatasi hakuliona hilo katika lugha yake mwenyewe, sembuse ya watu.

Kanarazu, tena, kwa kawaida halikai na ukanushi. Anayetaka kusema kwamba jambo halitatokea kamwe hutumia zettai ni. Likiongezewa shimo (si lile la kuchimbwa) likawa kanarazushimo, kisha likafuatwa na kitenzi kikanushi, maana hugeuka kuwa "si lazima iwe hivyo".

Tashika ni hukubali hoja ya mwenzako, kama tunavyosema "ni kweli usemavyo", na mara nyingi "lakini" huwa iko njiani. Ukiiondoa "ni" ya mwisho, ikabaki tashika peke yake, umekwisha kusema "kama sikosei". Kwa mtu anayewaeleza wageni umri wa zana za mawe za Isimila, eneo la mambo ya kale hapa Iringa, tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Naruhodo lina ugumu wa adabu. Ni neno la aliyeelewa jambo, karibu na "kumbe ndivyo", lakini Wajapani wengi huona halifai kuambiwa mkubwa, kwa kuwa husikika kana kwamba msemaji anayapima maneno ya mkubwa huyo. Nasi hapa kijana hamjibu mzee "umejibu vizuri", kama mwalimu anayesahihisha daftari. Mochiron nalo, ambalo kweli ni "bila shaka" ya kujibia ombi, likitamkwa kwa mkato mbele ya mkubwa huweza kusikika kama "hilo nalo la kuuliza?"

Ombi langu kwa walioiandaa karatasi hiyo ni kwamba, kabla ya msimu wa kiangazi kutuletea wageni wengi Ruaha, kila neno liandikiwe sentensi yake kamili, na kando yake ielezwe nani anaweza kumwambia nani.

Mwongoza watalii,
Iringa